Kofia ya Chuma na Jina la Marehemu

Katika nyika inayouzunguka mji wa Volgograd nchini Urusi, uliokuwa ukiitwa Stalingrad, ardhi ingali inatoa vyuma vya mapigano yaliyokoma tarehe 2 Februari 1943. Miongoni mwa vyuma hivyo, wakusanyaji huithamini sana kofia ya askari. Kutu na tundu la risasi, ambavyo vingeiharibia soko bidhaa nyingine yoyote, kwa mnunuzi wa kofia ndivyo hati ya uhalisi wake.

Kukusanya si kosa. Makumbusho mengi duniani yalianzia katika kabati la mtu binafsi. Suala ni namna kofia ilivyotolewa ardhini.

Kofia iliyolala pamoja na mifupa ni ushahidi. Baadhi ya askari wa Ujerumani waliandika majina yao ndani ya kofia, na shingoni walivaa kibati chenye namba, kilichotobolewa katikati ili mwenyewe afapo kikatwe, nusu moja ibaki na maiti. Askari wa Kisovieti alipewa kichupa chenye karatasi ya kuandika jina. Wengi hawakuiandika, wakiamini kuwa kufanya hivyo ni kujiitia kifo. Na Novemba 1942 vichupa hivyo vikafutwa. Kwa marehemu wa namna hiyo, jina lililokwaruzwa kwenye kijiko au bakuli huenda likawa shahidi wa pekee. Mchimbaji wa magendo abebapo kofia na kuitawanya mifupa, anamuua marehemu mara ya pili: safari hii analiua jina lake.

Hata hivyo, lawama zote zisimwangukie yeye. Dola ya Kisovieti iliwaacha wafu wake wengi bila kaburi, na raia wa kujitolea ndio waliotangulia kuwatafuta. Sheria ya Urusi inayokabidhi kazi hiyo kwa vikundi vilivyoidhinishwa ilitungwa mwaka 1993, miaka 50 baada ya mapigano. Pale serikali inapochelewa kutimiza wajibu, soko huwahi.

Huko Rossoshka, karibu na Volgograd, makaburi ya Warusi na ya Wajerumani yanatazamana. Upande wa Kisovieti, kofia zenye kutu na matundu zimewekwa juu ya mawe ya makaburi. Ni chuma kile kile kinachouzwa sokoni. Tofauti ni kwamba hapa kinamlinda mwenyewe.