Kuagwa, si Kupitwa na Wakati

Neno la Kiingereza "deprecation", kwa watunzaji wa lugha za programu, lina maana moja mahususi. Kipengele cha lugha bado kipo na bado kinafanya kazi, lakini watunzaji wametangaza kwamba hakitadumu, na kwamba atakayeandika msimbo mpya atumie kingine badala yake. Humo mna mambo matatu: uwepo, tangazo na mbadala. Tafsiri inayodondosha hata moja imeharibu istilahi, na nyingi za zile zinazozunguka zimedondosha zaidi ya moja.

Dhaifu kuliko zote ni "kushutumu", iliyochotwa katika kamusi za jumla na watu ambao huenda hawajawahi kuona onyo la aina hii kwenye skrini. Hakuna anayeishutumu fanksheni. Nyingine ni "kushuka thamani", inayotokana na kuchanganya neno hili na jingine la Kiingereza linalofanana nalo kwa sura, lile ambalo wahasibu wetu huliita uchakavu. Hilo ni kosa la kusoma, na halistahili mjadala.

Inayostahili mjadala ni "kupitwa na wakati", kwa kuwa ndiyo iliyopata baraka za kamati ya istilahi na sasa inanakiliwa kutoka orodha moja ya istilahi hadi nyingine. Kasoro yake ni ya kimantiki. Kupitwa na wakati kunaweza kuwa sababu ya tangazo, lakini si tangazo lenyewe. Katika lugha huria ya Python tofauti hiyo iko wazi. Toleo la 3.3 la mwaka 2012 lilihamisha madarasa dhahania kama Mapping kutoka moduli ya collections kwenda collections.abc. Madarasa hayo hayakuchakaa na yanatumika hadi leo. Lililokusudiwa kuondoka ni jina la anwani ya zamani. Kuondolewa kwake kulipangwa kufanyika katika toleo la 3.9, kukaahirishwa, na jina likafutwa katika toleo la 3.10 la Oktoba 2021. Ni wakati gani uliolipita? Upande wa pili kuna moduli 19, miongoni mwao cgi na telnetlib, ambazo kwa kweli zilikuwa zimepitwa na wakati muda mrefu kabla ya toleo la 3.11 kuanza kutoa onyo juu yake. Ziliondolewa katika toleo la 3.13 la mwaka 2024. Kwa hiyo kitu kinaweza kuwa na hali moja bila ya nyingine, na istilahi inayoziunganisha haiwezi kutumika katika mwongozo wowote wa maana.

Mpinzani mwenye hoja ni "kustaafisha", na haki yake isifichwe. Kustaafu ni neno la asili ya Kiarabu, lenye maana ya kuomba kuachiliwa, na mzizi wake ni uleule wa afu na afya. Neno la Kiingereza nalo latoka katika Kilatini "deprecari", yaani kuomba jambo liepushwe. Ukaribu huo unavutia, na wapo waliotosheka nao. Lakini mstaafu amekwisha kukabidhi ofisi. Fanksheni inayozungumziwa hapa bado iko kazini: ikiitwa inaitika, na jibu lake ni sahihi. Asili ya neno ikishindana na hali halisi, hali halisi ndiyo ishinde.

Istilahi inayofaa ni kuagwa. Mgeni anayeaga hajaondoka. Bado yumo barazani, bado anajibu akiulizwa, lakini kila aliyepo anajua kwamba safari imetangazwa. Kiswahili kimetenga kitendo cha kuaga na kitendo cha kuondoka, na hilo ndilo hasa linalotakiwa. Kauli ya kutendwa inafaa kwa sababu uamuzi si wa kipengele, ni wa watunzaji. Wao ndio wanaokiaga, kama wanafunzi wanavyomuaga mwalimu mkuu anayehamishwa.

Tena kitenzi hiki hakikusimama peke yake. Kwenye ukoo wake kuna agana, agano na agiza. Kiganda kimehifadhi konsonanti ambayo Kiswahili kimeiacha: agano huko ni "endagaano", na kuagiza ni "kulagira". Kuaga, kuahidiana na kutoa maelekezo ni matawi ya shina moja la Kibantu, shina la mtu anayeacha neno nyuma yake. Sasa tazama wanachofanya watunzaji wa Python. Wanatangaza kwamba kipengele kitaondoka: wanaaga. Wanajifunga kwamba onyo litaonekana katika matoleo yasiyopungua 2 kabla ya kukifuta, isipokuwa baraza la uongozi la watu 5, lililoanza kuchaguliwa mwaka 2019 baada ya Guido van Rossum, mwanzilishi wa Python, kung'atuka, liruhusu vinginevyo: hilo ni agano. Wanaeleza kitumike nini badala yake: hilo ni agizo. Neno lililotoka nje lisingeweza kubeba yote hayo bila maelezo ya aya nzima.

Pendekezo hili liliwahi kufikishwa mezani pa kamati likarudishwa kwa hoja moja, kwamba ni neno la msibani. Hoja hiyo haina uzito. Mwili wa marehemu huagwa, ni kweli, lakini huagwa pia wanafunzi wanaohitimu, mabalozi na timu zinazosafiri, na katika matumizi yote hayo anayeagwa yuko mbele ya watu. Kulikataa neno lenye matumizi mapana hivyo kwa sababu ya tukio moja, halafu kupitisha lisilo sahihi, ni kuwanyima wanafunzi wa kompyuta chombo walichokuwa nacho tayari.

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa lugha nzima. Python 3.0 ilitolewa tarehe 3 Desemba 2008 bila kujali upatanifu na msimbo wa zamani. Mwisho wa Python 2.7 ulipangwa kuwa 2015. Mwaka 2014 ukasogezwa hadi 2020, na toleo lake la mwisho, 2.7.18, likatoka Aprili mwaka huo. Mwaka 2015 msimbo wa Python 2 ulikuwa ukiendesha kazi nzito duniani kote. Haukuwa umepitwa na wakati. Ulikuwa unaagwa.

Kwa matumizi: moduli ya imp iliagwa katika toleo la 3.4 na kuondolewa katika 3.12, ujumbe wake ni onyo la kuagwa, muda wake ni kipindi cha kuagwa, na kisichopangiwa tarehe ya kuondolewa kimeagwa kwa upole. Wahariri wa kamusi za kompyuta walifute "kupitwa na wakati" kwenye kidahizo hiki na kuingiza -agwa, kabla kosa halijafika kwenye vitabu vya shule.