Kipimo cha Kuishi na Watu

Nafaka hupimwa kwa pishi na nguo kwa dhiraa, wala muuzaji na mnunuzi hawagombani ikiwa kipimo ni cha haki. Lakini mtu mzima mwenye ulemavu wa akili atapimwa kwa pishi gani ustadi wake wa kuishi na wenziwe? Swali hili lilishughulisha sana wataalamu wa Marekani katika karne ya ishirini, na majibu yao yaliwafungulia watu wengine milango, wengine yakawafungia.

Mwanzoni ilipimwa akili peke yake. Mwaka 1905, huko Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga mtihani wa kuwatambua watoto waliohitaji mafundisho ya namna mbali. Mwaka 1908 Henry Goddard aliuchukua akaupeleka Vineland, katika jimbo la New Jersey, palipokuwa na shule ya watu wenye ulemavu wa akili. Mikononi mwake msaada wa mwalimu uligeuka muhuri. Goddard alishikilia kwamba upungufu wa akili ni urithi wa damu, akataka wenye nao watengwe wasizae. Fikira za namna hiyo zilienea, na mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Buck dhidi ya Bell, iliihalalisha sheria ya Virginia ya kuwafunga uzazi watu waliohesabiwa kuwa wapungufu wa akili.

Ajabu ni kwamba kipimo cha namna nyingine kilizaliwa katika shule ile ile. Edgar Doll, mkuu wa utafiti Vineland tangu 1925 hadi 1949, aliona kuwa alama za mtihani hazisemi yote. Mwaka 1935 alitoa kipimo chenye vifungu 117, tangu mambo ya mtoto mchanga hata ya mtu mzima. Hakikumtaka mtu afumbue mafumbo mezani. Kiliuliza: je, hula mwenyewe? Huvaa mwenyewe? Huenda mjini bila kuongozwa? Hutunza fedha zake? Hushirikiana na wengine? Kwa kawaida majibu yalitoka kwa mtu amjuaye sana, na kilichoandikwa kilikuwa yale ayafanyayo kwa desturi, si yale ambayo pengine angeyaweza. Fikira hiyo ilishinda. Miongozo ya 1959 na 1961, iliyohaririwa na Rick Heber kwa ajili ya chama cha wataalamu wa Marekani, ilikubali kwamba alama ndogo ya akili haitoshi. Sharti mtu aonekane pia kuelemewa na matakwa ya maisha ya kila siku.

Hata hivyo kipimo kipya kilikuwa na dosari yake. Aliyezoea kuvikwa hahesabiwi kuwa ajua kuvaa, na asiyepata kupewa senti hana pa kuonyesha kuwa aweza kuitunza. Mahali ambapo kengele huamsha, mtumishi hupakua chakula, na mlango hufungwa jioni, kumpima mkazi ni kuipima nyumba, kisha kuandika jina la mtu.

Mwaka 1967 Robert Edgerton, ambaye mapema katika miaka ya 1960 alifanya utafiti miongoni mwa Wahehe, Wakamba, Wapokot na Wasebei, alitoa kitabu juu ya watu waliotoka katika hospitali moja ya California wakaishi mjini. Aliwakuta wakisitiri kwa bidii aibu ya jina waliloitwa, na wengi wao wakitegemea mfadhili: mume au mke, mwajiri, mwenye nyumba, jirani. Je, kutegemea huko ni upungufu? Waswahili tumesema zamani kuwa mtu ni watu. Tajiri ana karani wake na msomi ana mpishi wake, wala hakuna awapunguziaye alama.

Tusifanye haraka, lakini, kuikataa hesabu ya upungufu. Mwaka 2002, katika kesi ya Atkins dhidi ya Virginia, Mahakama ya Juu ilikataza kuwaua kwa hukumu watu wenye ulemavu wa akili. Tangu hapo kipimo cha maisha ya kila siku kikawa kipimo cha uhai na mauti. Mahakama ya Texas ilimhesabia Bobby Moore kuwa alikata majani na kucheza mchezo wa meza kwa fedha, ikaona hayo yaonyesha uwezo. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliitengua hukumu hiyo: kujua jambo moja hakufuti kushindwa kumi. Mwaka 2019 ikaamua kwamba Moore ni mtu mwenye ulemavu wa akili.

Basi orodha ile ile ya kushindwa iliyowafungia wengine mlango ndiyo iliyomkinga huyu na kifo. Ubaya haumo katika kuhesabu. Apimaye yampasa kwanza aseme apima kwa ajili gani. Kisha, kabla ya kuandika kuwa fulani hawezi, aulize ni nani aliyepata kumfundisha, na ni nani aliyemwachia nafasi ya kujaribu.