Kiwanda janja au kijanja?

Kivumishi -janja hufuata ngeli: mtoto mjanja, watoto wajanja. Kwa simu, "simu janja" iliingia bila tabu. Ila kiwanda (smart factory) je? Sarufi inadai "kiwanda kijanja", na hapo ndipo sikio la hapa Kiplombe, Eldoret, linaposhtuka, maana mjanja huku ni yule anayekupunja kwenye mizani ya mahindi. Mimi naandika kijanja, lawama nibebe.

Nadharia ya kiwanda kijanja ni tamu: vihisi vinasoma joto na mtikisiko wa mtambo, kompyuta inamwonya fundi kabla beringi haijavunjika. Tazama Rivatex: kiwanda hiki cha nguo cha hapa Eldoret, kilichoanzishwa 1976 na kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi 2007, kilizinduliwa upya Juni 2019 kikiwa na mitambo ya kisasa. Lakini mtambo wa kusokota hula pamba, na pamba ya wakulima wetu imekuwa haba. Kihisi kitakwambia uzi umekatika, nani atalima? Nje ya viwanda, kwenye karakana za kuchomelea, ujanja wa dijitali kwa sasa ni WhatsApp: mteja anatuma picha ya geti, fundi anajibu bei.