Kuganda Kuna Kugandua

Rafiki yangu aliyeanza kujifunza kulenga shabaha kwa upinde alinitumia picha ya karatasi ya maelekezo iliyokuja na mishale yake ya kaboni, akaniomba nimfasirie mistari miwili. Nikamjibu bila kufikiri: "Paka gundi, chomeka kile kichuma, acha ikauke." Kesho yake akanirudishia swali: "Ikauke vipi, na kichuma chenyewe kimeziba mdomo wa bomba? Hewa itapita wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetumia neno ambalo sote tunalitumia kwa kila gundi, nalo halikuwa la kweli.

Si kwamba Kiswahili ni maskini wa maneno ya mshale. Mti wake huitwa wano. Ncha yake ni chembe, na wengine husema kigumba. Nyuma kuna manyoya, kamba ya upinde ni upote, na mishale hukaa kwenye podo. Jambo la kuchekesha ni kwamba wauza mishale wa leo bado hupima uzito wa chembe kwa kipimo cha kale cha Waingereza kilichotokana na punje ya nafaka, yaani chembe vilevile. Chembe cha kawaida huwa na uzito wa chembe 100, takriban gramu 6.5. Ngeli ndiyo inayotuokoa: chembe *cha* mshale, chembe *ya* shayiri.

Kichuma alichokiulizia rafiki yangu ni kibomba kifupi cha alumini, shaba nyeupe au chuma cha pua. Huingizwa kwenye mdomo wa wano la kaboni, na ndani yake kuna mizunguko ya skrubu ili chembe kifungwe na kufunguliwa. Nilifikiria kukiita kipachiko, kisha nikakumbuka kwamba kupachika mshale ni kuuweka kwenye upote tayari kuufyatua. Mwanafunzi angechanganyikiwa siku ya kwanza. Fundi yeyote wa gereji angenicheka kwa kuhangaika, maana kibomba kinachovikwa ndani ya tundu kina jina lake siku zote: bushi. Na mizunguko ya skrubu ni hesi, neno linalofaa zaidi kuliko "nyuzi", kwa kuwa wano lenyewe tayari ni la nyuzi, nyuzi za kaboni.

Bushi tumeipata. Turudi kwenye gundi.

Majina yapo tele. Gundi limetoka Bara Hindi, sherizi la maseremala lina asili ya Kiajemi, ulimbo ni utomvu wa watoto wanaotega ndege, na ambo ni neno la kale linaloonekana kuwa ndugu wa ambata, kiambatisho na hata kiambishi cha sarufi. Lakini majina haya hayatuambii kitu kikubwa kuhusu kinachotokea baada ya kupaka. Hilo ni kazi ya vitenzi, na ninavyoona tunavihitaji vitatu.

Cha kwanza ni kukauka. Gundi nyeupe ya mbao hukauka kwelikweli: maji yaliyomo huingia katika mbao au hupotea hewani, na kinachobaki hushika. Wano la mti lingeifaa. Kaboni na alumini havinywi maji. Ukiipaka gundi hiyo kati ya bushi na bomba, maji hayana pa kutokea, na gundi hubaki mbichi ndani. Rafiki yangu, bila kujua kemia, alikuwa ameliona kosa langu.

Cha pili ni kuganda, kama samli asubuhi ya baridi. Hiki ni kitenzi cha gundi ya vijiti inayoyeyushwa kwa moto. Haipotezi chochote, inapoa tu. Ni ya ukoo mkongwe. Mtu wa kale aliyekutwa ndani ya barafu ya milima ya Alps mwaka 1991, aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, alikuwa na podo, na vyembe vyake vya gumegume vilishikizwa kwa lami iliyochomwa kutoka maganda ya mti. Lami ile nayo ilikuwa ya kuganda. Kwa mshale wa kaboni kuna sharti moja: pasha moto chembe kilichofungwa kwenye bushi, kamwe usilipashe wano. Nyuzi za kaboni zimeshikanishwa kwa utomvu wa kiwandani, na moto huudhoofisha.

Cha tatu ndicho ninachokiombea kura: kuiva. Epoksi huja katika mirija miwili, utomvu na hadina ya kuugumisha. Vikichanganywa kwa kipimo, vinafungamana na kuwa kitu kipya, na mchanganyiko hutoa joto lake wenyewe. Hakuna kinachokauka hapo. Ziko za dakika tano na ziko za kusubiri saa 24, na kwa kawaida iliyoiva polepole huwa ngumu kuvunjika zaidi. Atakayesema kuiva ni kwa ndizi na maharage tu, namkumbusha kwamba jipu huiva, mpango huiva, na kijana akimaliza mafunzo yake tunasema ameiva.

Supagluu nayo huiva, tena kwa namna inayoliumbua neno kukauka. Harry Coover wa kampuni ya Eastman Kodak aliigundua mwaka 1942 akitafuta plastiki angavu ya kulengea bunduki. Aliiacha kwa sababu ilinata kwenye kila kitu. Aliirudia mwaka 1951, na ikaingia sokoni mwaka 1958. Kinachoifanya ishike ni unyevu mdogo sana uliotanda juu ya vitu. Tunaiambia "kauka", kumbe inasubiri maji! Hushika upesi, ila nyingi huwa rahisi kukatika mshale unapogonga shabaha, ndiyo maana wengi huchagua ile nzito iliyoongezwa mpira.

Nilipofika hapo ndipo nikaona kwamba sarufi yetu ilikuwa na jibu la rafiki yangu tangu mwanzo. Kiswahili kina kiambishi cha kutendua: funga, fungua, bandika, bandua, ziba, zibua. Kuganda nako kuna kugandua. Lakini kuiva hakuna cha kukitendua. Hakuna aliyewahi "kuivua" ndizi, na ugali haurudi kuwa unga.

Basi swali la kuchagua gundi ya bushi si "ipi kali?" bali "utataka kugandua?" Anayejifunza, ambaye bado anajaribu vyembe vya uzito tofauti na huenda akalikata wano lake lifupike, achukue ya kuganda. Kasoro yake aijue: joto la msuguano ndani ya shabaha nene laweza kuilainisha, naye akauvuta mshale, bushi ikabaki shabahani. Aliyekwisha kuamua achukue ya kuiva.

Zote mbili hudai usafi. Kwaruza kidogo ndani ya wano kwa msasa, huku umeziba pua na mdomo, kwa kuwa vumbi la kaboni si la kuvuta. Futa kwa spiriti hadi pamba itoke nyeupe. Futa na bushi, kwa sababu hutoka kiwandani na mafuta. Paka, ingiza huku ukizungusha ili gundi ienee, kisha panguza iliyofurika.

Wanaozungumza Kiswahili wamekwisha fika kwenye mstari wa mita 70. Shehzana Anwar wa Kenya alishindana kwa upinde kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016. Maelekezo yao yanastahili kuandikwa kwa vitenzi vilivyo sahihi. Nami nimekwisha mwandikia rafiki yangu mstari wa pili upya: "Paka epoksi, ingiza bushi, acha iive."