Paklitakseli

Paklitakseli ni kemikali inayozuia seli kugawanyika. Iligunduliwa katika gome la Taxus brevifolia, mti unaokua polepole magharibi mwa Amerika Kaskazini. Gome lilikusanywa mwaka 1962; Monroe Wall na Mansukh Wani wakachapisha muundo wa kemikali hiyo mwaka 1971.

Namna inavyofanya kazi ilibaki fumbo hadi 1979, Susan Horwitz na wenzake walipoijaribu kwenye seli za HeLa, zile zinazooteshwa maabara tangu 1951 kutokana na uvimbe wa Henrietta Lacks. Seli inayogawanyika hujenga mirija miembamba ya protini iitwayo tubulini ili kutenganisha kromosomu zake, na sharti iweze kuibomoa vilevile. Sumu ya kolchisini huzuia ujenzi. Paklitakseli, ajabu yake, huzuia ubomoaji: mirija hurundikana na kukakamaa, seli ikakwama katikati ya kugawanyika. Nyingi hufa. Kiasi kidogo mno hutosha.

Tatizo la kuitumia kutibu saratani ni kwamba haichagui seli. Seli zinazootesha nywele nazo hugawanyika upesi, ndiyo maana wagonjwa hunyonyoka. Marekani iliidhinisha dawa hii mwaka 1992, kwanza kwa saratani ya ovari.