Tarikhi ya Desmopresini, Dawa Izuiayo Maji

Mzazi wa Rungwe Mpya, katika nyanda za juu za Kasulu, ambaye mtoto wake angali kikojozi hali amekwisha timiza miaka 7, aghalabu humpunguzia maji ya jioni. Na huenda asijue ya kuwa shauri hilo la kale ndilo sharti kuu la dawa iliyowashughulisha wanakemia wa mabara mawili.

Mwaka 1913 matabibu wawili, Farini wa Italia na von den Velden wa Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, walibaini ya kuwa dondoo la tezi iliyo chini ya ubongo, akidungwa mgonjwa anayekunywa na kukojoa pasipo kiasi, humpunguzia mkojo na kumtuliza kiu. Mwaka 1954 mwanakemia Vincent du Vigneaud, huko New York, aliiunda homoni yenyewe, vasopresini, kwa asidi amino 9, na mwaka uliofuata akatunukiwa Nobel ya kemia. Walakini homoni hiyo haikudumu mwilini, tena ilibana mishipa ya damu. Ndipo Zaoral na wenzake wa Prague, mwaka 1967, walipogeuza viungo viwili tu vya mnyororo ule wa asidi amino, ikapatikana desmopresini, izuiayo maji kwa saa nyingi bila ya kupandisha presha.

Zamani hizo mgonjwa alitia ncha moja ya mrija mwembamba puani na ya pili kinywani, akajipulizia dawa mwenyewe. Mwaka 1977 Mannucci wa Milan na wenzake wakadhihirisha faida nyingine: dawa hiyo huitoa akiba ya protini za kugandisha damu, hata wagonjwa wa hemofilia A iliyo nyepesi waweze kung'olewa meno kwa salama.

Lakini palipo manufaa yake ndipo penye hatari. Figo zikizuia maji, na mtu asiache kunywa, chumvi ya damu, yaani sodiamu, huzimuka, ubongo huvimba, na degedege hufuata, pengine na mauti. Kwa hiyo mwaka 2007 Marekani iliiondolea dawa ya puani idhini ya kutibu vikojozi. Vidonge vikabaki, kwa sharti mtoto anywe kidogo mno tangu muda wa saa moja kabla ya kumeza hata zipite saa 8 baada yake, na dawa isitishwe apatwapo na homa, kutapika au kuharisha.

Zahanati za vijijini aghalabu hazina kipimo cha sodiamu. Basi dawa hii haina budi ianzishwe na hospitali yenye maabara, na mzazi akiona mtoto aumwa kichwa, atapika au amezubaa pasipo sababu, asimpe tena, ampeleke hospitali siku ile ile, asingoje degedege.