Hofu na Shaka katika Bandari ya Mombasa, Aprili 1498

Imezoeleka kuandika kwamba Vasco da Gama aliponea chupuchupu katika hila ya watu wa Mombasa. Kauli hii yafaa ichunguzwe asili yake, kwani ushahidi wake mkuu umo katika shajara ya Mreno mmoja aliyekuwamo safarini. Kutoka upande wa wenyeji hatuna maandishi ya siku zile.

Wageni hao walitia nanga nje ya bandari tarehe 7 Aprili. Nyuma yao walikuwa wameacha ugomvi kisiwani Msumbiji, ambako walikwisha kupiga mizinga. Hata hivyo mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa, na Wareno wawili walioshuka pwani walitembezwa mjini wakarudi salama.

Mambo yaliharibika tarehe 10, tena kwa ajali. Merikebu ya nahodha mkuu, ilipokuwa ikiingizwa bandarini, ilishindwa kugeuka ikagusana na ile iliyokuwa nyuma yake. Nanga zikatupwa tena. Kuona hivyo, wenyeji waliokuwamo waliruka mashuani, na marubani wa Msumbiji wakajitosa majini. Wareno waliona humo hila iliyofichuka. Lakini mtu aliye mikononi mwa wageni wenye mizinga, akiwaona wamesita ghafula, hahitaji kuwa na hila ndipo akimbie.

Usiku Da Gama aliwahoji watu wawili aliokuwa nao merikebuni kwa kuwadondoshea mafuta ya moto mwilini. Walikiri kwamba Mombasa ilikusudia kuwakamata Wareno ili kulipiza ya Msumbiji. Ungamo la namna hii lina uzito gani? Mmoja wao, mikono ikiwa imefungwa, alijitupa baharini alipotaka kuteswa mara ya pili. Mwenzake alimfuata kabla ya kucha. Gizani pia waogeleaji walikuja kukata kamba za nanga. Sasa uadui haukuwa wa kudhaniwa tena.

Sidai kwamba mfalme hakuwa na nia ya kulipiza. Huenda alikuwa nayo. Ninalokataa ni kuyafanya mafuta ya moto kuwa shahidi.

Mara nyingi Malindi husifiwa kuwa kinyume cha Mombasa. Ni kweli huko walipewa rubani wa kuwavusha hadi India. Lakini Malindi na Mombasa zilikuwa mahasimu. Da Gama mwenyewe alikataa kushuka pwani, na rubani alipochelewa alimzuia merikebuni mtumishi wa mfalme, hata rubani akaletwa.